Wimbo wa Mbio Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Barabara kuu iteremkayo kutoka Tukuyu hufika Kyela, ikapita katika nchi ya Njisi, na kukoma Kasumulu penye daraja la mto Songwe. Ng'ambo ya daraja hilo ni Malawi. Nchi hiyo ni tambarare, yenye mpunga, kakao na michikichi, na kwa ajili ya utambarare wake baiskeli imekuwa chombo cha kila mji. Mtu atakaye kukimbia asubuhi hana mlima wa kumkata pumzi. Adui zake ni wawili: joto la ziwani, ambalo huanza mapema, na malori yaendayo forodhani. Miongoni mwa vijana wakimbiao huko, kama kwingineko katika Tanzania ya leo, wamo waliotia masikioni visikizi vidogo, vile ambavyo watu huviita hedifoni, wakisikiliza muziki usiosikiwa na mwingine yeyote. Aliyekulia zamani humtazama kijana wa namna hiyo kama ajabu mpya, na huuliza tangu lini miguu ya mtu ikahitaji ngoma ili kwenda. Jawabu lake ni kwamba miguu imeihitaji ngoma tangu zamani sana. Lililo jipya ni jambo jingine, na kulipata hapana budi kurudi nyuma kiasi cha karne moja na nusu.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini na miwili, aliufikia upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa akitoka pwani. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amekwisha kufa njiani, huko Behobeho, na msafara wa watu zaidi ya mia ukawa mikononi mwa kijana huyo. Ukweli ni kwamba ulikuwa mikononi mwa Chuma, yule aliyepata kusafiri na Livingstone na kuuchukua mwili wake hadi pwani. Misafara ya namna hiyo haikwenda kimya. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko mizigo ya wenziwe kwa sababu kazi yake kubwa haikuwa kuchukua. Kazi yake ilikuwa kuijua njia na kuushika mwendo. Ngoma ilipopigwa wapagazi walijitwika. Alipoanza wimbo waliitikia. Na mwenye kuitikia alijikuta anakwenda kwa hatua moja na walio mbele yake na walio nyuma. Nyimbo zenyewe zilikuwa na mengi ndani yake, ubahili wa mwenye mali, uchache wa posho, wake walioachwa nyumbani, na mzungu asiyejua kuwa anaimbwa yeye. Wasafiri wengi waliziandika kana kwamba ni furaha ya watu wasio na fikira. Laiti wangaliyaelewa maneno, wangaliandika vingine.

Wenyeji wa nchi, Wanyakyusa upande huu wa Songwe na Wangonde upande wa pili, walikuwa na ngoma zao wenyewe. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kati yao katika miaka ya 1930, wameeleza maziko ya Kinyakyusa yalivyokuwa: ngoma zikilia, wanaume wameshika mikuki, wakikanyaga, wakiruka, wakitimua mbio huku na huku uwanjani, na wanawake wakipita katikati yao. Huo ulikuwa mchezo wa vita uliochezwa penye msiba, na mara nyingine ulizaa ugomvi wa kweli. Mwendo wa ngoma hiyo ulikuwa tofauti na ule wa kirangozi. Kirangozi aliimba ili watu wafike mahali, bali mpiga ngoma ya maziko alipiga ili nguvu iliyozuiwa kifuani mwa mtu ipate njia ya kutokea miguuni. Tofauti hii inafaa kukumbukwa, kwa kuwa muziki wa mkimbiaji wa leo una asili zote mbili ndani yake, na aghalabu mwenyewe hajui ni upi unaomsukuma.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliufanya mto Songwe kuwa mpaka, na watu wa lugha moja wakawa raia wa dola mbili. Mpaka huo ukawa uwanja wa vita mwaka 1914. Tarehe 9 Septemba ya mwaka huo majeshi ya pande mbili yalipigana Karonga, na Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey liliuvuka mpaka na kuiteka Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu. Nyuma ya kila askari walikwenda wapagazi wengi. Upande wa Nyasaland waliitwa tenga-tenga, na idadi yao katika vita vile ilipita laki moja. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko walivyokufa kwa risasi. Basi vijana wa ncha ya kaskazini ya ziwa waliijua kwata kwa njia ya uchungu: wengine waliifanya wenyewe, wengine waliitazama kila asubuhi kambini wakiwa wameketi juu ya mizigo yao.

Vita vilipokwisha kwata ilirudi nyumbani, lakini ilirudi ikiwa imegeuka ngoma. Jambo hili lilikuwa limekwisha kuanza pwani tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ambako watu walianzisha ngoma ya beni, yaani bendi, yenye vyeo vya kingi na jenerali, sare, na mashindano makali baina ya upande na upande. Dar es Salaam vyama vyake vilivyojulikana zaidi ni Marini na Arinoti. Askari na makarani waliipeleka beni bara, na katika nchi za ziwani ikavaa umbo jipya. Kwa kuwa tarumbeta za shaba zilikuwa ghali, vijana walitwaa vibuyu, wakavikata na kuvitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando mwembamba wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti ilitoka ikivuma kama ya bendi ya jeshi. Vibuyu hivyo ndivyo malipenga, na ngoma ikachukua jina hilo kwa Watonga na Watumbuka, na kwa wengine ikaitwa mganda. Wachezaji hupanga safu, wamevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, hatua zao fupi na za pamoja, na ngoma kubwa huwapa kishindo cha kuweka mguu chini.

Wako waliosema kwamba beni na malipenga ni mzaha wa watawaliwa kumwigiza mtawala. Wengine wamesema ni kumwabudu mtawala. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, aliyapinga maelezo mepesi ya namna zote mbili, na alifanya vyema. Watu wa ziwani walikuwa na mashindano ya kijiji kwa kijiji na rika kwa rika kabla mzungu hajafika. Kwata iliwapa chombo kipya cha mashindano yale yale. Katika Unyakyusa nako ngoma za vijana za kushindana, ambazo ing'oma ni mojawapo, zilishika filimbi, mistari na vishindo vya gwaride pamoja na mambo ya asili. Na kitabu cha Mashindano!, kilichotungwa na wataalamu mbalimbali na kutolewa mwaka 2000, kina sura inayohusu mashindano ya ngoma ya kusini magharibi mwa Tanzania. Ushindi haukupimwa kwa mbio wala kwa kufika mbali. Ulipimwa kwa umoja: watu thelathini wana mguu mmoja. Mchezaji aliyetangulia hatua kwa kujionyesha aliiaibisha safu yake sawa na aliyechelewa.

Habari ya mashine za muziki inaweza kupitwa upesi. Vijana waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa, na baadaye migodi ya Afrika ya Kusini, walirudi na santuri. Mwaka 1949 ikatokea redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, iliyouzwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na iliyoitwa sufuria vivyo hivyo. Redio hiyo iliwekwa uani, na aliyeinunua aliinunulia jirani zake wote, apende asipende. Kwa miaka thelathini zaidi muziki wa mashine ukabaki mali ya kundi.

Baada ya uhuru wimbo wa mwendo ulipata mahali pengine pa kukaa, na ndipo unapokumbukwa zaidi na Watanzania walio hai. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Vijana waliojiunga nalo waliamshwa kabla ya jua, wakapangwa, na wakakimbia huku wakiimba, mmoja akianza na wote wakiitikia. Mtindo huo uliingia shuleni, ukaitwa mchakamchaka, neno ambalo lina mlio wa nyayo ndani yake. Katika miaka ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, mchakamchaka ulikuwa desturi ya asubuhi ya shule za msingi nchi nzima, na watoto wa bonde la Kyela waliukimbia katika vumbi na katika matope, kwa kuwa mvua za huko ni nyingi, nao walioukimbia bila viatu walikuwa wengi kuliko wenye viatu. Nyimbo zilibadilika kwa kufuata mambo ya dunia. Wareno wa Msumbiji waliimbwa, makaburu waliimbwa, na majeshi ya Uganda yalipovamia Kagera mwaka 1978 jina la Iddi Amin liliingia katika mchakamchaka wa watoto wasiojua Kagera iko upande gani. Mtoto alijifunza adui wa taifa ni nani kwa miguu yake kabla hajajifunza kwa kitabu.

Si haki kuukumbuka mchakamchaka kwa utamu tu. Wimbo wa pamoja ulikuwa amri ya pamoja. Aliyechelewa kufika safuni alijua kinachomngoja, na mtoto mwenye pumu hakuulizwa. Hata wakubwa hawakuupokea mfumo huo wote kwa moyo mmoja. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara yaliyofungamana nao, na wanafunzi zaidi ya mia tatu walifukuzwa. Ugomvi wao haukuwa na wimbo wala na mbio, bali na fedha na heshima ya elimu. Lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa lile lile la safu: nani mwenye haki ya kumwekea mwingine mwendo? Utumishi wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013. Nao mchakamchaka wa hiari ukachukua njia yake, na leo Dar es Salaam na Unguja vipo vikundi vya watu wazima vinavyokimbia mitaani Jumamosi na Jumapili asubuhi, wakiimba na kupiga filimbi, wamevaa fulana za rangi moja, bila afande wa kuwahimiza.

Mchakamchaka ulikuwa na hekima moja ambayo haikutajwa na waliouamuru, na yamkini hawakuijua. Mtu anayeimba hawezi kukimbia kupita kiasi cha pumzi zake. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo kama hicho hata leo: mwenye kuweza kusema sentensi nzima anapokimbia yuko katika mwendo ambao mwili unaweza kuuhimili kwa muda mrefu, na anayetoa neno moja moja amekwisha kuuvuka. Basi wimbo ulimsukuma mvivu, lakini pia ulimzuia mwenye haraka. Kama kiongozi aliongeza kasi mno, kiitikio kilikufa vinywani mwa watu, naye akasikia kimya nyuma yake na kupunguza. Kirangozi wa mwaka 1879 alikuwa na kipimo hicho hicho. Safu ilijibu, na jibu lake lilikuwa sauti ya safu yenyewe.

Kisikizi cha masikioni hakipokei jibu. Kinaimba kwa kasi ile ile mkimbiaji akiwa mzima au akiwa anaanguka. Hapa ndipo upya wa jambo ulipo. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza Japani mashine ndogo ya kaseti iliyoitwa Walkman, ya kuvaliwa kiunoni na kusikilizwa kwa masikio ya mtu mmoja. Waliounda chombo hicho walikuwa na wasiwasi nacho. Akio Morita, mmoja wa wakuu wa kampuni, alisimulia baadaye kwamba aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenziwe, kwa hiyo akaagiza kaseti ya kwanza iwe na matundu mawili ya kuchomeka visikizi vya watu wawili, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili waweze kusemezana. Wanunuzi hawakukijali kitufe hicho. Kila mmoja alitaka chake, na aina zilizofuata ziliacha jambo hilo.

Wakimbiaji walikuwa miongoni mwa waliokipokea chombo hicho kwa furaha, na uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kuwa hawakujidanganya. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, ambaye amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1990, ameonyesha pamoja na wenziwe kwamba muziki uliochaguliwa vema, aghalabu wenye mapigo baina ya 120 na 140 kwa dakika, hupunguza hisia ya uchovu na humfanya mtu aendelee kwa muda zaidi. Faida hiyo ni kubwa katika mwendo wa wastani. Mwili ukikaribia ukomo wake, sauti ya moyo na mapafu huishinda sauti ya ngoma. Matokeo hayo yasingalimshangaza mpagazi yeyote. Lakini yalifungua mlango wa mashitaka. Kama muziki ni msaada, je, ni halali katika mashindano?

Viongozi wa riadha wamejibu kuwa si halali. Kanuni za shirikisho la riadha la dunia humkataza mshindani kuwa na redio, simu au chombo kinachofanana nacho uwanjani mwa mashindano, katika fungu lile lile linalokataza misaada mingine. Marekani shirikisho la riadha lilipitisha katazo kwa wakimbiaji wote wa mbio zake mwaka 2007, likaona kwamba maelfu ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha hawatalitii, na kufikia mwisho wa 2008 likalipunguza liwahusu wale washindanao kwa ubingwa au zawadi. Uamuzi huo una busara, ingawa ulizaliwa na kushindwa. Mtu anayekimbia kilomita 42 ili amalize tu hamwibii mtu kitu kwa kusikiliza taarabu.

Katika habari hizi kuna kisa kimoja ambacho hakikai sawa na sheria. Februari 1998 Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia mita 2,000 katika ukumbi wa Birmingham kwa dakika 4 na sekunde 52.86, rekodi ya dunia ya ndani ya nyumba, huku vipaza sauti vya ukumbi vikipiga wimbo uitwao Scatman, ambao yeye mwenyewe aliomba upigwe kwa kuwa mapigo yake yalilingana na hatua alizozitaka. Hakuna aliyemnyang'anya rekodi. Wimbo ulisikiwa na kila mshindani na kila mtazamaji, kwa hiyo haukuhesabiwa kuwa msaada wa siri. Mtu anaweza kusema kwamba wenziwe walilazimishwa kukimbia katika ngoma ya mtu mwingine, na ni kweli. Lakini safu ya malipenga nayo huchezwa katika ngoma ya mtu mwingine, na anayeshindwa hukubali.

Sababu ya pili ya katazo ni ya uhai, na Njisi inaeleweka zaidi kuliko ya kwanza. Katika barabara ya Kasumulu hakuna ukuta baina ya mkimbiaji na lori. Baiskeli yenye mzigo wa mkungu wa ndizi, pikipiki ya abiria, na gari refu la mizigo lililotoka Dar es Salaam hupita juu ya lami ile ile, na anayekimbia upande wa kushoto hana macho kisogoni. Ana masikio tu. Uingereza, ambako njia za waendao kwa miguu ni nyingi, mwaka 2016 viongozi wa riadha walipiga marufuku visikizi vya kuziba masikio katika mbio za barabara zisizofungwa magari. Haikuhitaji vifo vingi kufika kwenye uamuzi huo. Ilihitaji mtu mmoja kuuliza mkimbiaji atasikiaje honi au sauti ya msimamizi wa mbio. Mchakamchaka haukuwa na hatari hiyo, kwa kuwa kundi la watu arobaini wanaoimba husikiwa na dereva kabla halijaonwa.

Vilevile hapana budi kukiri kwamba kisikizi kimemfungulia mlango mtu ambaye safu haikumtaka. Mwanamke wa umri wa kati anayeona haya kukimbia na vijana, mnene anayechekwa, na yule mwenye pumu aliyeteswa na mchakamchaka wa utoto wake, hao wote wamepata kirangozi anayekwenda kwa mwendo wao na asiyewaaibisha. Wakitaka kutembea kidogo, hutembea. Hakuna kiitikio kinachowaacha nyuma. Safu ya zamani, pamoja na uzuri wake wote, haikuwahi kuwapa watu hao nafasi isipokuwa pembeni, pamoja na watazamaji.

Kanuni za mashindano zimekitaja chombo, hazikukitaja kinywa. Mshindani anayeimba kwa sauti yake mwenyewe kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia havunji sheria yoyote ya riadha. Ila katika mwendo wa kushindana hakuna mwenye pumzi ya kufanya hivyo, na katika mbio kubwa za barabara nyimbo husikika nyuma kabisa, katika vikundi vya wale ambao washindi wamekwisha kuoga wao wakiwa bado njiani.